Ushauri: nipime vipi uchovu wa walimu nisiishie kuletewa majibu ya kunifurahisha?

Chaki_Mkononi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, kwa sasa niko masomoni, shahada ya uzamili ya saikolojia ya elimu. Andiko langu la utafiti linahusu walimu wa shule za kata: nani anachoka mpaka kazi inamtoka moyoni, nani anahimili, na kinachowatofautisha ni nini. Nimechukua halmashauri moja ya kusini, shule 18, walimu kama 240.

Msimamizi wangu anataka nitumie dodoso la Maslach, la kupima uchovu wa kazi, kwa sababu "ndilo linalojulikana". Nimelitafuta, kumbe lina wenyewe na unalipia kila nakala. Halafu mjumbe mmoja wa kamati akasema niongeze na PHQ-9, nipime na sonona humo humo.

Hayo nayaweza kuyajadili nao. Linaloninyima usingizi ni jingine: nawajua walimu wenzangu. Nimekaa ofisini na mtu anajaza dodoso la kurasa sita huku anasahihisha madaftari, anapiga vema safu ya katikati kutoka juu hadi chini, anarudisha, anauliza kama kuna soda.

Waliopita njia hii, nitumie kipimo gani, na nifanyeje watu waseme ukweli? Kejeli ruksa, ila ziwe na ushauri ndani.

Mtoro_wa_Kipindi

Kupima uchovu wa mwalimu unahitaji dodoso? Simama getini tarehe 20 umwangalie anavyotembea. Rudi tarehe 26, mshahara ukishaingia, umwangalie tena. Andiko limeisha hilo.

Kisiki_cha_Takwimu

Mtoro anatania, ila kuna hoja ndani yake. Umepanga kukusanya data lini? Ukienda Novemba, kidato cha pili na cha nne wako kwenye mitihani ya NECTA, utapima msimu wa mitihani na kuuita maisha ya mwalimu. Ukienda wiki ya kwanza ya Januari, watu ndiyo wanatoka likizo. Chagua kipindi cha kawaida, shule zote zifikiwe ndani ya wiki chache zilezile, na tarehe uziandike kwenye ripoti.

Sasa vipimo. Dodoso la Christina Maslach na Susan Jackson la 1981 lina heshima yake. Toleo la walimu lina maswali 22 katika mafungu matatu: kuishiwa nguvu, kuwa baridi kwa wanafunzi kiasi cha kuwaona kama vitu tu, na kuhisi hakuna unachofanikisha. Kila swali linauliza ni mara ngapi, kuanzia 0 "kamwe" hadi 6 "kila siku". Kama fedha ipo, litumie.

Kama haipo, kuna dodoso la Copenhagen la Tage Kristensen na wenzake, 2005. Maswali 19: sita ya uchovu wa mtu kwa jumla, saba ya uchovu wa kazi, sita ya uchovu unaotokana na watu unaowahudumia, ambao kwako ni wanafunzi. Halilipiwi. Upungufu wake kwako ni kwamba limejikita kwenye uchovu tu. Ule ubaridi halina fungu lake, na wewe umeandika "kazi inamtoka moyoni", kwa hiyo hilo utalitafuta kwa mahojiano. Msimamizi usimpelekee sababu ya pesa peke yake. Mwonyeshe maswali yako ya utafiti yanahitaji nini na kila kipimo kinatoa nini.

Na tafadhali usije ukaandika "asilimia fulani ya walimu wanaugua". Shirika la Afya Duniani, kwenye ICD-11 ya mwaka 2019, yaani orodha yake ya magonjwa, limeiweka hali hii kama jambo la kikazi, si ugonjwa. Hata mwongozo wa Maslach wa toleo la nne uliondoa vile viwango vya "juu, wastani, chini" ambavyo watu wanaendelea kuvinakili kutoka tasnifu za zamani.

Zamu_ya_Wiki

Mimi ni mmoja wa hao wapiga vema safu ya katikati, na nitakueleza kwa nini.

Barua yako inatoka chuo, inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inakuja kwa Mkurugenzi, inashuka mpaka kwa mkuu wa shule. Mkuu anatuita kikao cha dharura, anasema "kuna mtafiti, tumpe ushirikiano". Madodoso anagawa mwalimu wa taaluma, jioni anakusanya yeye yuleyule. Juu umeandika "majibu yako ni siri". Siri ya nani? Swali la nane linaniuliza kama mkuu wa shule ananisikiliza, na karatasi inalala mezani kwake.

Halafu ukurasa wa kwanza: jinsia, umri, somo unalofundisha, miaka kazini. Shule yetu ina mwalimu mmoja wa kike wa fizikia. Ukishamuuliza jinsia na somo, umemwita kwa jina. Nani atakwambia kwamba anaingia darasani kwa kujikokota?

Chaki_Mkononi

Zamu_ya_Wiki, hilo la ukurasa wa kwanza limenichoma. Wenzangu wote wanaweka maswali hayo kwa sababu mfano wa chuo unayo. Nikiyaondoa, nitalinganishaje walimu wapya na wakongwe?

Zamu_ya_Wiki

Uliza miaka kwa makundi mapana: chini ya mitano, mitano hadi kumi na tano, zaidi. Somo liulize sayansi au sanaa, basi. Na kabla ya kila swali la ukurasa huo jiulize utalifanyia hesabu gani. Kama huna jibu, lifute.

Madodoso yagawe wewe, ndani ya bahasha yenye gundi. Kuwe na sanduku lililofungwa, liondoke na wewe siku hiyohiyo. Mkuu wa shule mshukuru, kunywa naye chai, ila karatasi asiziguse.

Mwanasihi_Malindi

Hamjambo huko bara. Nami ni mshauri nasaha, niko pwani ya Kenya, na nimeingia kwa sababu ya hiyo PHQ-9. Mwalimu, naomba utulie kidogo hapo.

Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba afadhali afe, au ajidhuru. Umewaambia watu wasiandike majina. Jioni uko gesti unapanga karatasi, unakuta moja imewekwa "karibu kila siku". Ni ya nani? Huwezi kumfuata kwa sababu umemwahidi siri, wala huwezi kulala. Tena kwenu Tanzania kujaribu kujiua kumeandikwa kwenye sheria kama kosa la jinai, kwa hiyo ukweli wa swali hilo una uzito mwingine kabisa kwa anayejibu. Mjumbe anayetaka uliongeze aeleze nani atampokea mtu huyo, yuko kituo gani cha afya, na mtu atafikaje kwake.

Kama unachotaka ni kujua hali ya watu kwa jumla, kuna WHO-5, kipimo kifupi cha Shirika la Afya Duniani. Ni sentensi tano tu za upande wa heri: nimekuwa mchangamfu, nimekuwa mtulivu, nimeamka nikiwa nimepumzika, za namna hiyo, kwa wiki mbili zilizopita. Kila moja ina alama 0 hadi 5. Jumla unazidisha kwa 4, unapata kipimo cha 0 hadi 100, na wengi huchukua 50 kushuka chini kama ishara ya kumwangalia mtu kwa ukaribu. Haina swali la kujidhuru. Na hapa kwetu Kilifi watafiti waliipima kwa Kiswahili kwa watu wazima wanaoishi na VVU na wenye kifafa, wakachapisha 2018. Si walimu, ndugu yangu, lakini huanzi sifuri.

Dodoso lolote ambalo halina Kiswahili chake, litafsiriwe na mtu mmoja, mwingine ambaye hajaona la kwanza alirudishe kwenye lugha yake ya awali, kisha kaa na walimu wachache wa nje ya sampuli waseme kwa maneno yao kila sentensi wameielewaje. Hatua hii ya mwisho ndiyo wanafunzi huiruka.

Hata bila PHQ-9, nenda na karatasi ndogo yenye maelezo ya mahali pa kupata msaada, uigawe kwa wote, si kwa mwenye kuonekana ana shida.

Mla_Ugali_Mkavu

Nawasoma tu. Kila mwaka saikolojia inagundua kwamba mwalimu amechoka, kisha mapendekezo ya sura ya mwisho ni semina ya kukabiliana na msongo. Mwalimu ana makato ya bodi ya mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, daraja halijapanda, anakaa chumba cha kupanga kilomita kadhaa kutoka shuleni, darasa limejaa tangu elimu bila ada ianze 2016. Wewe unamuuliza kama anahisi mchangamfu. Ajibu nini?

Kisiki_cha_Takwimu

Ugali Mkavu, hasira yako ina wenyewe ndani ya saikolojia hiyohiyo. Johannes Siegrist mwaka 1996 aliijenga nadharia nzima juu yake: mtu anaumia pale juhudi anazotoa hazilingani na anachorudishiwa, na anachorudishiwa ni fedha, heshima, usalama wa ajira na kupanda cheo. Madaraja yako yamo. Robert Karasek alishasema mwaka 1979 kwamba kazi nyingi pamoja na kukosa sauti juu ya namna ya kuifanya ndiyo inayobana zaidi.

Chaki, wewe nakushauri uende kwa Evangelia Demerouti, Arnold Bakker na wenzao wa 2001. Wao walitenganisha mambo mawili. Madai ya kazi, kama wingi wa vipindi, madarasa makubwa, ripoti na mifumo ya kujaza, yaliambatana zaidi na kuishiwa nguvu. Kukosa nyenzo, yaani msaada wa mkuu, mrejesho, sauti kwenye maamuzi, kuliambatana zaidi na kujitenga na kazi. Ukipima pande zote mbili, mapendekezo yako hayataishia kwenye semina, kwa sababu utaweza kusema ni dai lipi na ni nyenzo ipi.

Onyo mbili za hesabu. Najua kwenye idadi ya watu wa kupima umeandika kanuni ya Yamane au jedwali la Krejcie na Morgan, kila mtu anaandika. Zile zinachukulia umeokota watu mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Wewe unachukua shule nzima, na walimu wa shule moja wana mkuu mmoja, kisima kimoja, maneno yaleyale ya ofisini. Wanafanana, kwa hiyo 240 wako kwa hesabu ni wachache kuliko 240. Tafuta mtu wa kukufundisha uchambuzi wa ngazi mbili, ya mwalimu na ya shule, au angalau ukiri hilo kwenye mipaka ya utafiti.

La pili: ukimuuliza mtu yuleyule, siku ileile, kuhusu uchovu wake na kuhusu utendaji wake, lazima vitahusiana. Aliyeamka vibaya ataviponda vyote viwili. Utendaji utafutie chanzo kingine, au uuache.

Chaki_Mkononi

Utendaji nauacha. Ulikuwa wazo la kamati na sikuupenda tangu mwanzo.

Ugali Mkavu, swali la makazi na la daraja nayaingiza kama yalivyo, maana hakuna dodoso la Denmark wala la Marekani litakalouliza kuhusu malimbikizo. Nitayaandika mwenyewe na kuyajaribu kwanza.

Mkimbiza_Uhamisho

Nimechelewa kuingia. Kuna kundi mnalolisahau, na mimi nimo. Aliyechoka kupita kiasi hayupo shuleni siku unayokwenda. Ameshahama, yuko kwenye ruhusa ya ugonjwa, au kama mimi aliacha akafungua duka la vifaa vya simu. Utapima waliobaki, ambao ndio wenye ngozi ngumu, na utasema hali si mbaya. Mwombe mkuu wa shule idadi tu, bila majina, ya walioondoka kwa miaka mitatu, na uwatafute watatu au wanne uzungumze nao.

Kingine: nilichokichukia mimi hakikuwa vipindi. Nilikaa nyumba ya shule. Mwanafunzi akiumwa saa saba usiku, ni mimi. Grupu la WhatsApp la shule linalia saa nne usiku, "walimu wote kesho saa moja kasoro". Kazi haikuwa na mlango wa kutokea.

Mwanasihi_Malindi

Hilo la mwisho lina kipimo chake. Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walitoa dodoso la 2007 kuhusu namna watu wanavyojirudisha baada ya kazi: kuiweka kazi mbali kimawazo, kupumzika, kujifunza jambo jipya, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako. Chukua fungu la kwanza tu, la kuiweka kazi mbali, ulinganishe wanaokaa nyumba za shule na wanaopanga mtaani. Mimi ningeisoma sura hiyo kwanza.

Zamu_ya_Wiki

Ila dodoso lisizidi kurasa tatu. Mnavyoongeza hapo naona tumerudi kwenye sita.

Chaki_Mkononi

Nimehesabu sasa hivi: Copenhagen 19, WHO-5 tano, madai na nyenzo nimechagua 12, kuiweka kazi mbali manne, yangu ya makazi na madaraja matano. Jumla 45. PHQ-9 imetoka, na sababu ya swali la tisa nimeiandika barua kwa kamati. Msimamizi bado hajanijibu kuhusu Maslach.

Zamu, matokeo nitayarudisha kwa kila shule ukurasa mmoja wa halmashauri nzima, bila kutaja shule. Inatosha?

Zamu_ya_Wiki

Inatosha, kama utabandikwa ofisi ya walimu na si kuishia kwenye droo ya mkuu. Leta nakala nyingi, uwape walimu mkononi. Na soda ilete baada ya bahasha kuingia sandukuni, si kabla.

Mtoro_wa_Kipindi

Hapo kwenye soda nimeelewa. Shule yetu imo kwenye hizo 18?