Mjadala: Filamu ya mwanafunzi lazima iwe na funzo?

Wadau, naomba tulijadili hili, maana linaniumiza kila mwaka. Huwa nawasaidia wanafunzi wa filamu hapa Dar kutafuta mawazo ya filamu fupi, zile za dakika tano hadi kumi za kumalizia masomo. Kabla kijana hajamaliza kueleza alichonacho, anaulizwa: "Ujumbe wake nini?" Basi wazo linafia hapo. Matokeo yake kila mwaka nasoma miswada ile ile: mimba za utotoni, dawa za kulevya, mtoto aliyeacha shule akaharibikiwa. Mambo ya kweli na mazito, sibishi. Ila msichana wa kwenye muswada hana anachokipenda wala anachokichukia. Kaletwa ili aadhibiwe, sisi tuelimike.

Msimamo wangu: funzo lisiwe sharti la kuanzia.

Wapo watakaosema hadithi zetu tangu zamani zina mafunzo. Ni kweli. Lakini bibi akisema paukwa, nasi tukajibu pakawa, hakuanza na funzo. Alianza na sungura mwenye kiu, na kisima alichokatazwa kukisogelea. Tulikodoa macho tujue atayapataje hayo maji. Funzo kila mtu alijichukulia lake, na wengine tulikuwa upande wa mwizi.

Filamu ya kuhubiri ina ukoo mwingine. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri kwenye milima ya Usambara, uliendeshwa mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Mtazamaji alichukuliwa kuwa mtu wa kurekebishwa. Mkoloni kaondoka, ila mtazamaji wetu bado tunamkalisha kwenye benchi lile lile.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu alinijibu: mbona "Watu Wote" ina ujumbe na ilifika Oscar? Hoja nzito hiyo. Filamu ile ya 2017 ilikuwa kazi ya wanafunzi wa Hamburg Media School, Ujerumani, ikiongozwa na Katja Benrath. Inahusu basi lililovamiwa na al-Shabaab karibu na Mandera, Kenya, Desemba 2015, abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Iliteuliwa kuwania Oscar ya 2018. Lakini hebu itazameni tena. Anayetubeba ni mama mmoja Mkristo ndani ya basi, asiyewaamini abiria wenzake. Tunakaa na hofu yake kwanza. Umoja unakuja baadaye, tena kwa gharama. Na niseme wazi, inaniuma kwamba kisa kikubwa namna ile cha huku kwetu, kinachosemwa kwa Kiswahili na Kisomali, kilibebwa na wanafunzi kutoka Hamburg.

Sasa nieleze wazo nililolipigania mwaka huu likakataliwa kwa kukosa ujumbe. Nyumba ya kupanga Buguruni, vyumba sita, mita moja ya Luku, ule umeme wa kulipia kabla. Usiku umeingia, uniti zimebaki mbili na hakuna mwenye hela. Wapangaji wamekubaliana: pasi marufuku. Binti wa chumba cha mwisho ana usaili wa kazi asubuhi na blauzi yake imekunjamana. Jirani yake ana mtoto mwenye pumu, na mashine yake ya kuvutia dawa inatumia umeme. Binti anasubiri ua mzima ulale. Anachomeka pasi.

Ua mmoja, usiku mmoja, waigizaji wanne, mlio wa mita inapokaribia kuisha. Mwanafunzi anaweza kuipiga kwa nauli ya daladala na taa mbili za kuazima. Umaskini umo, ujirani umo, ajira imo, na hakuna anayevitaja.

Suala la wafadhili na kibali cha Bodi ya Filamu nalijua. Mfadhili akitaka tangazo la afya, atengenezewe tangazo la afya, kwa jina lake halali. Kazi ya kumalizia masomo ni kitu kingine.

Walimu, waongozaji na nyie mnaokaa kwenye meza za majaji, nawasubiri. Na mnaonipinga naomba mnijibu kwa kisa hiki hiki: yule binti, baada ya kuchomeka pasi, ninyi mngemfanya nini?