Tupeane uzoefu: siku ya mlimani ugenini ambayo hutaisahau

Binti_Tukuyu: Wapendwa habari za jioni. Jana nimeshusha begi langu la safari juu ya kabati nimpe mdogo wangu, mfukoni nikakuta kamba nyekundu ya kiatu, nikajikuta nimekaa kitandani nimeishika tu. Kamba hiyo ndo nilifungia soli iliyobanduka kule Mulanje, Malawi, mwezi wa sita 2017. Nilitoka Kasumulu na mabasi, Karonga, Mzuzu, mpaka Blantyre, begi mgongoni, nikajiapiza sirudi bila kufika Sapitwa, kilele cha mlima huo, mita 3,002. Asubuhi kweupe kabisa, tunapanda kwa mikono na miguu, mishale ya rangi nyekundu kwenye miamba ndo inatuongoza. Saa sita chiperoni ikaingia. Waliokaa Malawi wanaijua, ukungu na manyunyu ya baridi yanayotokea upande wa Msumbiji. Mishale hatuioni tena, mwamba unateleza kama umepakwa mlenda. Mzee aliyenipeleka akasema mwanangu hapa hatusogei, tukajibanza chini ya jiwe masaa mawili na nusu namsikia anaomba kwa Kichewa. Kulivyopungua tukashuka, kilele sikukiona. Leteni na zenu.

Mtoto wa Kale: Chiperoni isikie tu kwa jirani. Mimi ilinikuta mashamba ya chai huko chini, sembuse juu.

Bin_Saleh_Unguja: Mimi yangu ya Oman, Jebel Shams, ile njia ya ukingoni inayokwenda kijiji cha As Sab kilichohamwa. Kulia ukuta wa jabali, kushoto bonde lote lile, mbuzi wanapita wanakuangalia. Katikati ya njia miguu ikakataa kabisa, nikakaa chini nimefumba macho nasoma kila dua niijuayo. Mara nasikia nyuma yangu, "Kijana, usitazame bonde, tazama kisigino changu." Kiswahili safi! Mzee wa Kiomani, kazaliwa Pemba. Akatangulia, nikafuata kisigino chake mpaka mwisho wa njia. Kila nikimkumbuka namwombea.

Mama Chai Kericho: Hii ya kisigino imenitoa machozi, ndugu.

Kipara_wa_Pune: Nimesoma hizi nikaona niseme yangu, sijawahi kuiandika popote. 2018 nasoma India, likizo ya mwezi wa kumi mimi na mshkaji wangu wa Moshi tukapanda treni mpaka Gorakhpur, tukavuka mpaka wa Sunauli tukaingia Nepal, tuizunguke milima ya Annapurna. Lengo Thorong La, pale njia inapovukia mlima, mita 5,416. Yule jamaa alishafika Uhuru mara mbili, mita 5,895, kwahiyo njia nzima anasema hapa ni nyumbani. Manang, kama mita 3,540, watu wote wanapumzika siku moja au mbili mwili uzoee, na kuna zahanati inatoa somo la mwinuko mchana. Sisi hatukwenda kwenye somo wala hatukupumzika. Kesho yake tukapitiliza Yak Kharka tukalala Phedi, karibu mita elfu nzima kwa siku moja.

Usiku jamaa hakula, anasema ni harufu ya mafuta ya taa. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu Manang, ila hilo nimekuja kulijua baadae. Saa kumi alfajiri tukaondoka na tochi za kichwani. Tumepita High Camp, kambi ya juu ya Phedi, nikaona anavaa glavu ya kushoto mkono wa kulia, anaivua, anaivaa tena vilevile. Namwambia kaa, ananijibu Kichaga. Mimi Mzaramo! Halafu akamgeukia mpagazi mmoja wa Kinepali akaanza kuongea nae Kichaga kwa heshima zote kama anaongea na babu yake. Yule mpagazi hakucheka. Akachora mstari kwenye theluji kwa fimbo, akamwonyesha atembee kisigino kiguse kidole. Hatua ya pili kaanguka. Mpagazi akamkabidhi mwenzake mzigo, akamshika jamaa mkanda, akaniambia neno moja tu la Kiingereza, down, analirudia.

Jamaa akagoma, akapigana na sisi, akanipiga kifuani. Tulimburuza. Nilikuwa nalia huku namburuza kwasababu nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama yake. Tukapita High Camp, tukapita Phedi, tukashuka mpaka Letdar, mita 4,200. Pale kwenye benchi, jua limeshawaka, akanitazama akasema kwa Kiswahili, "Oya, mbona tumerudi?" Yule mpagazi alikataa hela, akakubali chai tu, akapanda tena mlima uleule.

Mtoto wa Kale: Dah.

Binti_Tukuyu: Nimesoma mara mbili. Jamaa yuko wapi sasa hivi?

Kipara_wa_Pune: Yupo Arusha, mzima, ana watoto wawili. Ule ni ubongo kuvimba kwasababu ya mwinuko, hospitali Pokhara wakatuambia tungechelewa kidogo tu tungeondoka na maiti.

Chalii_Marangu: Mi siamini. Mchaga na mwinuko ni damu moja, huyo aliumwa kitu kingine.

Daktari_Mstaafu: Kijana, Moshi mjini haifiki hata mita 1,000. Na kufika Uhuru mwaka juzi hakukusaidii mwaka huu, mwili unasahau ndani ya wiki chache. Ukipita mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Dalili zikianza, usipande.

Chalii_Marangu: Sawa dokta, lakini babu zangu walipanda bila mita zenu.

Daktari_Mstaafu: Babu zako walipanda polepole.

Mama Chai Kericho: Mimi natoka juu, Eldoret mita 2,100, na kwenye milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, nilitapika. Vidonge vya mwinuko, Diamox, vinasaidia.

Bin_Saleh_Unguja: Diamox inakukojoza usiku kucha kwenye baridi ile. Supu ya kitunguu saumu ndiyo dawa.

Daktari_Mstaafu: Supu ni chakula kizuri, mnywe. Dawa ni kushuka.

Mtoto wa Kale: Kosa lao kubwa kwenda bila mwongozaji. Nepal yenyewe tangu Aprili 2023 imetangaza mgeni awe na mwongozaji.

Binti_Tukuyu: Kaka usimhukumu, alikuwa mwanafunzi, hela ya mwongozaji angeitoa wapi?

Mtoto wa Kale: Simhukumu dada, nimemzika mtu wa mlimani mimi, ndo maana nasema.

Binti_Tukuyu: Pole sana. Sikujua.

Chalii_Marangu: Pole mkuu. Kipara, yule mpagazi mliwahi kumpata tena?

Kipara_wa_Pune: Jina hatukumuuliza. Jamaa mwaka jana alirudi Nepal na mkewe, akatembea kila nyumba ya wageni Phedi na Letdar na ile picha yetu ya chai. Mama mmoja wa Letdar alimtambua, kasema hupita msimu wa mwezi wa kumi. Kamwachia jaketi na barua.