Baba mdogo amtetea Riquelme

Kitinda: Shikamooni. Nimeona klipu ya Riquelme, yule Muargentina, akiwa Villarreal anakosa penati mbele ya Lehmann, kipa wa Arsenal, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2006. Ndiye huyu baba mdogo anayemsifu kila siku?

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Ndiye. Ingeingia ile, tungekwenda dakika za nyongeza. Usiku ule sikula. Lakini yule ni mtu wa Boca Juniors ya kwao Argentina, na Boca hesabu yao ni Copa Libertadores, klabu bingwa ya Amerika Kusini. Anazo 3: 2000, 2001 na 2007.

Kaka: Ila Barcelona alichemsha.

Baba Mdogo: Kocha wao Van Gaal alimpanga pembeni! Waargentina namba yake wanaiita enganche, yaani ndoano, mpira wote unapita kwake hapo kati. Ukimpeleka pembeni ni kumtoa nahodha kwenye usukani ukamwambia akumbe maji.

Shangazi: Halafu mnasahau, 2002, kabla hajaondoka Boca kwenda Barcelona, mdogo wake alitekwa, mpaka wakalipa pesa ndipo akaachiwa. Na yeye ndiye mkubwa wa familia. Hapo unacheza kwa moyo gani?

Kitinda: Hilo sikulijua shangazi 😔

Binamu: Mimi nitajieni Yepes tu, beki wa River Plate. Mei 2000, robo fainali ya Libertadores na River, watani wenyewe. Riquelme kampa mgongo, kaukanyaga mpira, kaurudisha nyuma katikati ya miguu ya Yepes, kazunguka upande wa pili kaufuata. TOBO 🔥 Boca 3-0.

Baba Mdogo: Novemba mwaka huohuo Boca wakaenda Tokyo kucheza na Real Madrid, kombe la mabingwa wa Ulaya na Amerika Kusini. Dakika ya 6 tu, pasi ndefu ya Riquelme kutoka nyuma, mshambuliaji Palermo huyo, 2-0. Ikaisha 2-1. Kijana wa miaka 22, Makelele wa Madrid anamzonga na mpira haupati.

Kaka: Hiyo nakubali.

Baba Mdogo: Subiri, sijafika ninapotaka. 2007 Villarreal hawamtaki tena, kocha Pellegrini kamweka kando. Boca wakamchukua kwa mkopo wa miezi michache. Fainali ya Libertadores na Grêmio ya Brazil: nyumbani 3-0, yeye kafunga kwa faulo. Marudiano Porto Alegre, kwao Grêmio, uwanja mzima unawazomea, kafunga yote mawili. Jumla 5-0, na mchezaji bora wa mashindano ni yeye. Mtu aliyeambiwa hafai, miezi michache tu nyuma! Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Bi Mkubwa: Alimalizia wapi mpira wake?

Baba Mdogo: Argentinos Juniors, mama, walikomlea utotoni. Walikuwa daraja la pili 2014, akasaidia kuwapandisha, kisha Januari 2015 akastaafu. Tangu Desemba 2023 ni rais wa Boca.

Kitinda: Baba mdogo, yale mawili ya Porto Alegre unayo kwenye simu?

Baba Mdogo: Ninayo. Jumapili njoo, tuangalie mechi nzima, siyo klipu.