Simu mpya au kamera ya mtumba: nichukue ipi?

Mama wa Umoja:
Habari zenu wadau. Nimeweka akiba mwaka mzima, sasa niko njia panda: simu nzuri, au kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 18-55? Napiga picha za watoto, kwaya ya kanisani, na likizo huwa tunaingia Nairobi National Park. Safari iliyopita tulimwona simba. Nikavuta kwa simu, nikaambulia doa la kahawia kwenye nyasi. Iliniuma sana.

Fundi Lenzi:
Pole dada. Simu ikishafika mwisho wa lenzi zake, hukata kipande cha katikati na kukikuza tu. Halafu kuna sensa, kile kipande kinachonasa mwanga: ya kamera kama hiyo unayoitaja (saizi yake huitwa APS-C) ni kama milimita 23 kwa 15, ya simu za bei ghali ni kama 10 kwa 7. Eneo linazidi karibu mara tano, na lenzi zikiwa na uwazi sawa, mwanga unaonaswa ni hivyo hivyo. Lakini 18-55 haikufikishi kwa simba! Hapo tafuta 55-250 angalau, maana namba ikiwa kubwa lenzi inavuta mbali zaidi, na hiyo ni pesa nyingine.

Dada wa Kayole:
Mimi natetea simu. Mpaka utoe kamera mkobani na kufungua kifuniko, mtoto ameshamaliza kucheka. Simu hupiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, ndiyo maana akikaa dirishani unaona uso wake na mawingu ya nje pia. Megapikseli 12 zinatosha kabisa kuchapisha A4. Na jioni pale barabara ya Tom Mboya mjini, watu wakigombania matatu, kamera mimi siitoi.

Mzee wa Albamu:
Mama, wewe umetaja kwaya, na hapo ndipo simu hushindwa. Ukumbi una taa hafifu, waimbaji wanayumba. Simu ikiunganisha picha zake za usiku, mikono inageuka ukungu. Mimi hutumia lenzi ya 50mm f/1.8, yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga, kwenye kamera ya zamani, na shata inafunguka na kufunga upesi, kwa 1/200 ya sekunde. Juzi nilimpiga picha mwimbaji wa sauti ya tatu: jasho juu ya mdomo linaonekana, na uzi uliolegea kwenye kola. Nyuma yake mapazia yamefifia. Picha hiyo nimeichapisha.

Fundi Lenzi:
Nakubaliana na mzee. Ukienda kununua mtumba, imulike lenzi. Ukiona utando kama wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, rudisha. Uliza pia shata imepiga mara ngapi.

Mama wa Umoja:
Asanteni sana. Basi simu niliyo nayo inabaki kwa watoto, na natafuta bodi ya kamera ya zamani na hiyo lenzi ya 50mm kwa ajili ya kwaya. Simba atangoja. Jumamosi nashuka mjini. Fundi, kumulika kuvu nibebe tochi ya aina gani?

Fundi Lenzi:
Ya simu yako inatosha, dada.