Mrejesho: spika za kuokoteza kwenye boksi la gitaa

Wakuu, niliuliza kama spika ya inchi 12 ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), niliyoichomoa kwenye boksi chakavu la disko, inaweza kufungwa na mbili za gari za omu 4, kwenye ampu (kikuza sauti) ya transista ya wati 40 isiyotaka spika zenye jumla chini ya omu 4. Nimefuata ushauri: za gari nimeziunga mfululizo (moja baada ya nyingine) zikafika omu 8, kisha sambamba (ubavuni) na ile kubwa. Jumla omu 4. Kubwa inakula nusu ya nguvu, ndogo robo robo.

Nilipowasha, besi hakuna! Nikadhani nimeshaua kitu. Kumbe alama ya chanya kwenye ile kubwa ilifutika na nilifunga kinyume. Kubwa na ndogo zilikuwa zinasukuma na kuvuta hewa kwa kupingana. Betri ya volti 1.5 ilinionyesha: nilipogusisha chanya yake kwenye ncha niliyodhani ni chanya, koni (ile karatasi ya spika) iliingia ndani badala ya kutoka. Nikageuza waya, boksi likanguruma.

Multimita (kifaa cha kupima umeme) inasoma omu 3.4 badala ya 4, msishtuke, ni kawaida kipimo hicho kuwa chini kidogo ya omu zinazoandikwa kwenye spika. Twita (vispika vya sauti nyembamba) za zile spika za gari nimezikata, zilikwaruza kama bati. Jirani ameshagonga ukuta mara mbili.