Bima ya dawa ya mama imebadilishwa, na sasa tumefungiwa mlango hadi mwakani

Ndugu zangu mnaotunza wazazi hapa Marekani, naandika nikiwa na hasira.

Mama yangu ana miaka 74 na anatumia Eliquis, dawa ya kuzuia damu isigande. Mwaka jana wote alichangia dola 47 kwa mwezi kupitia Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, katika Sehemu ya D, ile inayohusu dawa na kuendeshwa na makampuni binafsi. Tarehe 5 Januari 2026 tulipofika dirishani, mfamasia aliitazama kompyuta, akaitazama tena, kisha akatutajia dola 231. Mama alikuwa amekwisha kufungua leso yenye noti tatu za dola 20, kama ilivyo desturi yake. Alizikunja upya na kuniambia, “Twende zetu, mwanangu, vidonge vya siku nne bado ninavyo.” Nililipa mimi.

Kinachochoma ni kwamba dola 231 ndiyo bei ambayo serikali iliipata kwa kujadiliana na watengenezaji, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari, wakati bei iliyotangazwa na mtengenezaji ilikuwa dola 521. Habari ile tuliishangilia nyumbani! Kumbe dawa kushuka bei ni jambo moja, na mgonjwa kupunguziwa ni jingine kabisa. Mpango wa mama, wenye jina lilelile na kadi ileile, umeamua kwamba mwaka huu dawa za daraja la tatu (mipango hupanga dawa kwa madaraja ya gharama, na Eliquis imo humo), zilizokuwa zimesamehewa mwaka jana, ziingizwe katika kiasi ambacho mgonjwa hujilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia. Sheria inaruhusu kiasi hicho kifike dola 615 kwa mwaka 2026, na wao wamekichukua chote. Maana yake Februari atalipa tena 231, na Machi amalizie 153 zilizobaki.

Je, walitutaarifu? Walitutaarifu, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Wanatakiwa kufikisha taarifa ya mabadiliko kabla Septemba haijaisha, nao walituma kitabu kinene cha Kiingereza, katika msimu ambao sanduku la barua la mzee hufurika vipeperushi vya makampuni yanayomtaka ahamie kwao. Nimekikuta juzi kwenye droo yake, kikiwa bado ndani ya bahasha, na nyuma ya bahasha mama ameandika vipimo vyake vya sukari vya Oktoba, safu ya asubuhi na safu ya jioni. Habari ya daraja la tatu ilikuwa mstari mmoja ndani ya jedwali.

Nilipopiga simu, dada aliyepokea alinieleza kwa upole mwingi kwamba dirisha la kuhama mpango lilikuwa wazi kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi tarehe 7 Desemba, na kwamba bila sababu maalumu inayotambuliwa, mama atabaki humo hadi mwakani. Yaani kampuni hubadili masharti kila Januari, ilhali mzee asiyesoma Kiingereza, akipitwa na wiki hizo chache, anabanwa mwaka mzima.

Sitaki kudhulumu ukweli: kuna kikomo cha dola 2,100 kwa mwaka 2026, na akikifikia halipi tena dawa zilizomo kwenye orodha ya mpango wake. Tangu 2025 pia mtu anaweza kuomba kampuni yake imgawie malipo hayo kwa miezi badala ya kuyatoa kwa mkupuo. Hilo la pili nimelisoma mwenyewe usiku. Dirishani halikutajwa, na kwenye simu halikutajwa.

Nimeambiwa kuna washauri wa SHIP, huduma ya kuwasaidia watu wa Medicare kuielewa bima yao, katika kila jimbo, wasiotoza hata senti. Aliyewahi kuhudumiwa nao kwa mkalimani wa Kiswahili, au aliyefanikiwa kugawiwa malipo kwa miezi, anieleze alianzia wapi na ilichukua siku ngapi, kwa sababu vidonge vya mama vinaisha tarehe 7 Februari.