Mboji ya shule haiivi, inanuka. Tunakosea wapi?

Mwalimu wa mazingira, Mbeya: Habari wadau. Mabaki ya jikoni tumeyarundika tangu Mei, sasa ni Agosti na bado ni bichi, yananuka vibaya. Karatasi tunachoma. Naombeni msaada.

Bwana shamba: Pole mwalimu. Harufu hiyo ni ya kukosa hewa: mabichi mengi, makavu machache. Kwa ndoo 1 ya mabaki weka ndoo 2 hadi 3 za mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, au hizo karatasi mnazochoma, zikichanwa. Rundo lisipungue mita 1 kila upande. Likiwa dogo, baridi ya Juni na Julai huku kwetu inalipokonya joto. Geuza kila wiki 2. Kamata konzi moja ya mboji ukamue: mkono ulowe, lakini maji yasichuruzike. Ugali uzikwe katikati, la sivyo panya watahamia hapo.

Fundi bomba, Iringa: Nami naongezea jambo jingine la mazingira ya shule, kuvuna maji ya mvua kwenye paa, maana mvua za Novemba haziko mbali. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 hutoa takriban lita 800. Gata, yaani mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, ishuke sentimita 1 kwa kila mita. Tafadhali msisahau kuweka bomba la kutupa maji ya kwanza, lita 50 hadi 100 kwa paa hilo. Bila hilo vumbi lote la kiangazi linaingia tangini.

Mwalimu wa mazingira: Asanteni sana. Na chupa za plastiki?

Bwana shamba: Msichome kamwe, moshi wake ni sumu kwa watoto. Zikusanyeni zikiwa safi, muwauzie wanaonunua kwa kilo.